MAILI 24 ZA MBOGO NA WOSIA WA JAJA: HISTORIA YA MIRATHI YETU KAMPALA

Bismillahir Rahmanir Rahim



Katika mitaa yetu ya Kibuli, Natete, Kawempe na Old Kampala, ugomvi unaozuka mara tu baada ya dua ya arubaini mara nyingi hauhusu swala wala saumu. Ni kiwanja. Nani auze, nani akae, na yule mama mzee aliyebaki chumba cha nyuma atapelekwa kwa nani. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini kwa wengi wetu kufa kumekuwa kugombana, na ugomvi wenyewe una historia ndefu. Leo tuitazame historia hiyo, maana wengi tunadhani tatizo lilianza kwa watoto wa siku hizi. Halikuanza kwao.

Turudi kwenye Mkataba wa Buganda uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Kifungu cha 15 cha mkataba ule ndicho kilichogawa ardhi, na ndicho kilichotuzalia mailo, neno linalotokana na maili za mraba. Kabaka aliwekewa maili za mraba 350. Machifu na watu binafsi wapatao elfu moja walitengewa maili 8,000. Jumuiya tatu za wamishonari zilipata maili 92 kwa ajili ya makanisa yao. Na Waislamu? Waislamu hawakupewa kama jumuiya. Alipewa mtu mmoja, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, mtoto wa Kabaka Suna II na ndugu wa Kabaka Mutesa I, maili 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, pamoja na posho ya paundi 250 kwa mwaka maisha yake yote.

Maili 24 ni ekari 15,360. Si haba. Lakini ndugu msomaji, usiangalie ukubwa tu, angalia namna zilivyoandikwa. Kanisa halifi. Askofu akifa anakuja mwingine, na ardhi inabaki pale pale kwenye jina lile lile. Ardhi ya Waislamu iliandikwa kwa jina la mwanadamu, na mwanadamu hufa. Tangu siku ile ya mwanzo, mali ya umma wa Kiislamu wa Buganda ilikuwa imefungwa kwenye mirathi ya nyumba moja. Waingereza hawakutaka kuujenga Uislamu, hilo liko wazi. Vita vya dini vya Buganda vilikuwa havijapoa, na Mbogo mwenyewe alihamishiwa pwani mwaka 1893 baada ya machafuko, akarudishwa mwaka 1895. Kati ya majimbo matatu ambayo Waislamu walipewa mwaka 1892, lilibaki moja tu, Butambala.

Mbogo alifariki mwaka 1921. Aliyetambuliwa kuwa mrithi wake ni mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907. Hesabu mwenyewe: mtoto wa miaka kumi na minne. Miaka ya kumngoja akue ilikuwa mizito, kwani Waislamu walikuwa wamegawanyika juu ya swala ya adhuhuri siku ya Ijumaa, wengine wakiiswali baada ya Jumaa na wengine wakikataa, na pande hizo ziligeuka kuwa makundi yenye misikiti na viongozi wao. Hapa umma ulikuwa na bahati. Yule mtoto alipokua hakuila ardhi. Kilima cha Kibuli tunachokiona leo, na msikiti wake, na shule zake, na hospitali yake, kimetokana na ardhi aliyoitoa Badru Kakungulu, ambaye aliishi mpaka mwaka 1991. Lakini bahati si mpango. Angekuwa mrithi mwingine, mwenye madeni au mwenye tamaa, Kibuli ingekuwa mtaa wa maduka tu.

MUSIKA NA MAFUNGU

Katika Buganda, mtu akifa ukoo hukutana kwenye okwabya olumbe na kumtangaza musika. Musika ni mmoja. Anavaa jina la marehemu, anakaa mahali pake, na kwa desturi ya asili anabeba mzigo: wajane, watoto wadogo, wazee wa nyumba, makaburi. Hakuwa mmiliki kama tunavyoelewa leo, alikuwa mlinzi. Mzee aliyezeeka kwenye ardhi ya ukoo hakuwa na hofu ya kufukuzwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuzia mtu.

Mailo iliuharibu utaratibu huu polepole. Hati ina jina la mtu, na mwenye jina anaweza kuuza. Musika aliyerithi hati alibaki na mamlaka ya mlinzi na uhuru wa mwenye mali kwa wakati mmoja, na mchanganyiko huo ni hatari kwa mjane na kwa mama mzee. Daawa za mirathi ya mailo zilikwenda Lukiiko, na Lukiiko iliamua kwa desturi. Hapakuwa na mahakama za kadhi kama zilizokuwepo Unguja na katika ukanda wa pwani ya Kenya.

Sasa linganisha na Qur'ani. Surat An-Nisaa, katika aya ya 11, ya 12 na ya 176, haimjui musika mmoja. Inawajua warithi wengi, kila mmoja na fungu lake: mama, baba, mke, mume, watoto wa kiume na wa kike, ndugu. Basi babu zetu walifanyaje? Wengi walifanya yote mawili. Shehe aliitwa, dua ikasomwa, mafungu yakatajwa kwa mdomo, kisha mtoto mmoja akasimamishwa kuwa musika, na hati ikakaa kwenye sanduku lake. Miaka ishirini baadaye ndipo dada zake wanagundua kuwa mafungu yao yaliishia kwenye ile dua.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1906 ilileta sheria mbili. Moja iliitambua ndoa na talaka ya Kiislamu. Nyingine, ya mirathi, ilinakili fikra za Kiingereza, na Waafrika wakaachwa nje yake wafuate desturi zao. Kwa hiyo Muislamu wa Kampala aliweza kuoa kwa Uislamu akatambuliwa na dola, lakini akifa dola haikuwa na mahali pa kuyasikiliza mafungu ya watoto wa ndoa ile ile.

MWAKA 1972

Mwaka huu ulileta mambo matatu ambayo bado yanatugusa. La kwanza, Idi Amin aliunda Baraza Kuu la Waislamu Uganda, na makundi yaliyogombana kwa miaka mingi yakaletwa chini ya paa moja. La pili, mwezi wa Agosti aliwaamuru Waasia waondoke kwa siku 90. Walikuwemo Waislamu wengi, Maismailia, Mabohora na Masunni, walioacha majengo, maduka na misikiti. Sheria ya kurudisha mali ilipokuja miaka ya 1980 na majengo kuanza kurudishwa kwa wingi miaka ya 1990, wazee wengi waliokuwa na majina kwenye hati walikuwa wameshafariki Uingereza na Kanada. Aliyekuwa na wosia ulioandikwa alirahisishiwa njia na watoto wake. Wengine walianza kwa kuthibitisha kwanza kuwa wao ni watoto wa nani.

La tatu halikupigiwa kelele, lakini liliingia kila nyumba. Sheria ya mirathi ilirekebishwa ikawahusu Waganda wote, na mafungu yakawekwa kwa mwanamume aliyekufa bila wosia: watoto asilimia 75, wajane asilimia 15, jamaa waliokuwa wakimtegemea asilimia 9, na musika wa kimila asilimia 1. Nyumba ya kuishi ikawekwa kando, isigawiwe kama ng'ombe.

Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo kwa sababu viliwabagua wanawake: vilizungumzia mali ya mwanamume anapokufa, kana kwamba mwanamke hana cha kurithisha. Pengo likabaki miaka kumi na mitano. Sheria ya marekebisho ya 2022 ndiyo iliyoliziba, na kiwango kikawa watoto na vizazi vyao asilimia 75, mume au mke asilimia 20, wategemezi asilimia 4, musika asilimia 1. Katiba ya 1995, katika ibara ya 129, ilikuwa imetaja mahakama za kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini mpaka mwaka 2022, miaka 27 baadaye, Bunge lilikuwa halijatunga sheria ya kuziunda. Kwa miaka yote hiyo familia ya Kiislamu isiyokubaliana ilikwenda kwa shehe kwanza, kisha ikaishia kwenye ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi na mahakama za kawaida.

MAMA MZEE YUKO WAPI?

Tuchukue hesabu moja, wanafunzi watufuate na kalamu. Hajji amefariki, deni limelipwa, mazishi yamelipwa, hakuacha wosia. Kimebaki shilingi milioni 24. Ameacha mama yake mzazi, wake wawili, wana watatu na mabinti wawili.

Kwa mirathi ya Kiislamu wake wanapata thumuni, yaani milioni 3, wagawane milioni moja na nusu kila mmoja. Mama anapata sudusi, milioni 4. Kinachobaki ni milioni 17, na mwana anachukua mara mbili ya binti, hivyo ni mafungu manane: kila mwana 4,250,000 na kila binti 2,125,000.

Kwa sheria ya 2022, watoto watano wanagawana milioni 18, sawa na 3,600,000 kila mmoja bila kutazama mwana au binti. Wake wanagawana 4,800,000. Wategemezi wote kwa pamoja wanapata 960,000, na musika 240,000.

Mama mzee ametoka kwenye milioni 4 mpaka kugombania 960,000 pamoja na shangazi, mpwa na kila aliyekuwa akilishwa na marehemu, tena athibitishe kwanza kuwa alikuwa akimtegemea. Katika Qur'ani fungu la mama halina masharti hayo. Awe tajiri au masikini, awe anaishi na mwanawe au yuko Butambala kijijini, lake ni lake. Hapa naona Uislamu umemlinda mzee kuliko sheria yoyote ya Uganda tangu 1906.

Lakini tuwe waadilifu, tusisifu upande mmoja tu. Sheria ya dola inamwachia mjane nyumba ya kukaa. Katika mafungu, mjane akipata thumuni, tena ya kugawana na wenzake, nyumba inaweza kuuzwa juu ya kichwa chake ili kila mtu achukue chake. Wake wanne wakigawana thumuni, kila mmoja ana sehemu moja ya thelathini na mbili. Mama wa miaka sabini hawezi kununua chumba Bwaise kwa sehemu hiyo. Fungu lake la mirathi si matunzo yake yote, matunzo ni wajibu wa watoto wake walio hai. Tunaopenda kusoma aya ya mafungu siku ya tatu tunapaswa pia kukumbuka aya za wema kwa wazazi katika Surat Al-Israa, hasa wakishafikia uzee.

Zamani jambo hili lilibebwa na ukoo. Mji uliukata ukoo vipande. Kadinali Emmanuel Nsubuga alipofungua nyumba ya wazee na wasiojiweza pale Nalukolongo mwaka 1978, aliona jambo ambalo wengi hatukutaka kuliona: Kampala ilikuwa na wazee wasio na mtu. Serikali nayo ilianza mwaka 2010 mpango wa posho kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, kwanza wilaya 15, baadaye ukapanuliwa nchi nzima kwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Hiyo ni sukari, sabuni na mafuta ya taa. Anayemwogesha na kumpeleka hospitali bado ni mtoto, na mara nyingi ni binti.

Binti huyu ndiye chanzo cha kesi nyingi. Ameacha biashara, amekaa na mama miaka minane, na mama anapofariki kaka aliyekuwa mbali anakuja kuchukua mara mbili. Mafungu hayana marupurupu ya ulezi. Na wosia hauwezi kumwongezea mrithi isipokuwa warithi wenzake wakubali. Wazee wenye busara hulimaliza jambo hili wakiwa na afya. Humpa hiba ya kiwanja akabidhiwe na hati ihamishwe kweli, huku wakiwaeleza ndugu zake sababu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia zawadi ya mzazi aliyempa mtoto mmoja na kuwaacha wengine, kama ilivyokuja katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.). Au huandika kwamba mtoto fulani anadai ujira au gharama za matibabu alizolipa, likawa deni, na deni linatangulia mafungu. Hiba ya kitandani, mtu akiwa kwenye ugonjwa wa kufa, wanazuoni waliipa hukumu ya wosia. Imechelewa.

WAJUKUU WALIOBAKI

Kuna jambo moja ambalo kizazi chetu kimelipitia kuliko vizazi vyote. Ukimwi ulipotambuliwa Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea mpaka Kampala, utaratibu wa maisha ulipinduka. Wazee waliwazika watoto wao. Jaja wa miaka 65, badala ya kulelewa, alianza upya kulea watoto wa miaka mitatu. Hajati wengi wa Kampala wamesomesha wajukuu kwa kuuza mandazi na kukodisha vyumba viwili vya nyuma.

Kisha jaja naye anafariki. Na hapo sheria ya mafungu, kwa madhehebu yetu ya Sunni, inasema mtoto wa kiume aliye hai anamzuia mjukuu. Mjukuu aliyefiwa na baba yake kabla ya babu hapati kitu ikiwa yupo ami yake. Ami anaweza kuwa mwema akamchukua. Anaweza pia kuuza vyumba vile viwili wiki ijayo, na shehe hatakuwa na la kumwambia, maana amechukua haki yake.

Ulimwengu wa Kiislamu uliliona tatizo hili zamani. Misri, kwa sheria namba 71 ya mwaka 1946, iliamuru kuwa babu akifa bila kumwandikia mjukuu yatima, achukuliwe kana kwamba ameandika: mjukuu apewe fungu la mzazi wake aliyekufa, lisizidi thuluthi ya mali. Syria ikafuata mwaka 1953. Pakistan mwaka 1961 ilikwenda njia nyingine na kumweka mjukuu moja kwa moja mahali pa mzazi wake, na maulamaa wengi wa huko waliipinga mpaka leo. Mimi naona njia ya Misri imekaa vizuri zaidi, kwa sababu haikugusa mafungu ya Qur'ani, ilitumia mlango wa wosia uliokuwepo tayari.

Uganda Waislamu hawana sheria kama ya Misri. Ndiyo maana hapa kwetu kalamu ya jaja ndiyo sheria. Mjukuu si mrithi mbele ya ami yake, kwa hiyo anaweza kuandikiwa wosia, na mpaka wake ni thuluthi. Kisa cha Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) tunakijua: alikuwa na mali nyingi, akataka kuitoa karibu yote, Mtume (S.A.W.) akamshusha mpaka thuluthi na bado akaiona ni nyingi. Kwa jaja mwenye kiwanja cha milioni 60, thuluthi ni milioni 20. Hiyo ni ada ya shule mpaka kidato cha sita, au ni vile vyumba viwili vya nyuma.

Wengine huuliza kuhusu wakfu wa familia, kwamba nyumba isiuzwe, kodi yake ilee wazee na yatima wa nyumba hiyo. Ni mlango wa haki, na pwani wameutumia kwa karne nyingi. Ila nao ulipigwa. Baraza la Mfalme kule London, katika kesi ya familia moja ya pwani ya Kenya iliyoamuliwa mwaka 1951, lilikataa wakfu wa aina hiyo likifuata hukumu yake ya mwaka 1894 iliyotoka India, ingawa India yenyewe ilikuwa imeshaifuta hukumu ile kwa sheria ya mwaka 1913. Kenya ikabidi itunge sheria ya wakfu mwaka huo huo wa 1951 ili kuzikubali wakfu za familia. Hapa Kampala anayetaka njia hii asiishie kutamka msikitini, aende kwa wakili aandikishe wadhamini kwenye hati. Ardhi ikibaki kwa jina la mtu, itarithiwa kama mali ya mtu, hata kama mtaa mzima unaijua kuwa ni wakfu.

Na wosia wenyewe, ili ukubalike kwa shehe na kwa hakimu, uwe wa maandishi, umetiwa saini au dole gumba la mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, nao watie saini zao. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu ndani yake, wala mke au mume wa mtu huyo, maana atapoteza alichoachiwa. Taja madeni yako na unaowadai. Taja msimamizi kwa jina, na umweleze kabla, kwa kuwa tangu 2022 kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi kina muda wa miaka miwili, na asiyemaliza lazima arudi kuomba tena. Andika thuluthi ni ya nani. Andika kuwa kilichobaki kigawiwe kwa mafungu ya Surat An-Nisaa, na taja warithi wote, na wa mke mdogo pia, na mama yako kama yu hai. Nakala moja iwe nyumbani, nyingine kwa wakili au kwa imamu unayemwamini, na mjukuu aliyeandikiwa ajue ipo wapi.

Wallahu a'alam.